Jezi hii itavalika kijijini? Nembo, wafadhili na watoto wa mitaani wanaocheza mpira

Niko huku Kimali, Simiyu. Leo naomba tuache kidogo siasa za madiwani na bei ya pamba, tuzungumze kitu ambacho wengi mtakiona kidogo: nembo. Ndiyo, nembo, ile picha inayochapwa kifuani kwenye jezi. Hasa nembo za mashirika yanayotumia mpira kuwatoa watoto barabarani. Msicheke kwanza. Someni mpaka mwisho, halafu mnirushie mawe mkitaka.

Kilichonisukuma kuandika ni kijana mmoja wa hapa kwetu. Jina lake silitaji, na shirika lililomsaidia silitaji pia, maana walimfanyia mema na sina ugomvi nao. Huyu kijana aliondoka nyumbani akiwa na miaka 11 hivi, baada ya mama yake kufariki na mambo ya pale nyumbani kuvurugika. Akadandia lori, akafika Bariadi, akasogea Lamadi, na kutoka pale barabara kuu ikampeleka Mwanza. Akalala stendi, akabeba mizigo ya watu, akaokota chupa za plastiki. Baadaye akakutana na watu wanaofundisha watoto mpira na kuwarudisha shule. Wakamtunza, wakawatafuta ndugu zake, na siku moja gari likamleta mpaka kwa bibi yake.

Watu tulijaa. Kijana akashuka na jezi nzuri kweli kweli, kitambaa cha maana, rangi zimepangwa na mtu anayejua kazi yake. Mgongoni yameandikwa maneno ya Kiingereza kwa herufi kubwa. Ukiyaleta kwa Kiswahili chetu, yanamwambia kila anayeyasoma kwamba huyu ni mtoto wa mtaani.

Bibi hajui Kiingereza. Lakini mwalimu anakijua, na watoto wa sekondari wanakijua cha kutosha kumtania mtu. Haikupita wiki, kijana akawa na jina jipya: Chokoraa. Mpira akienda, Chokoraa. Kisimani, Chokoraa. Bibi alipoelezwa yale maandishi yana maana gani, hakusema neno. Aliifua ile jezi, akaigeuza ndani nje, akamwambia, "Mjukuu wangu, vaa hivi." Na kweli kijana akawa anacheza mpira na jezi iliyogeuzwa, mishono yote nje, namba haionekani.

Tangu siku ile najiuliza swali moja: hivi aliyeichora ile jezi, alimchorea nani?

ANAYELIPA NA ANAYEVAA

Kwanza tuelewane hii kazi ni kazi gani. Studio ya usanifu ikipewa shirika la kulitengenezea mwonekano, haichori alama tu. Inaangalia jina, inachora nembo, inachagua rangi na aina ya herufi, inatunga kaulimbiu, inaamua picha za aina gani zitumike, halafu inayaweka yote hayo kwenye jezi, bango, tovuti, barua na gari. Lengo ni kwamba ukiona kipande kimoja tu, hata kwa mbali, unajua hawa ni nani.

Sisi Watanzania hatuhitaji profesa wa kutufundisha hayo. Mtu akikatiza sokoni na fulana nyekundu siku ya Simba na Yanga, hujamuuliza chochote na tayari unajua umkaribishe au umkwepe. Na jina la timu linabeba uzito wake. Simba wenyewe waliwahi kuitwa Sunderland, wakaliacha jina hilo mwaka 1971 na kuchukua hili la Kiswahili. Nani leo anamkumbuka Sunderland wa Kariakoo, ukiacha wazee?

Huko Ulaya na Marekani, studio nyingi hufanyia mashirika ya hisani kazi hii bure au kwa bei ya kutupa. Wengine ni moyo, wengine wanapata kazi nzuri ya kuwaonyesha wateja wao wakubwa, wengine wanashindania tuzo. Silaumu. Kazi nzuri iliyofanywa kwa sababu yoyote bado ni kazi nzuri.

Tatizo liko hapa. Kiwanda cha sabuni kikitaka nembo mpya, anayenunua sabuni ndiye anayeiangalia nembo. Asipoipenda ataacha, na kiwanda kitajua ndani ya miezi mitatu. Kwenye hisani mambo yamegawanyika. Anayetoa pesa yuko mbali. Anayevaa jezi yuko Mwanza, Nairobi au Bujumbura. Anayeikubali nembo yuko ofisini mbele ya kompyuta, na anachojiuliza ni kama itamgusa mtoa pesa. Mvaaji hana kura. Hawezi kuacha kuinunua, kwa sababu hainunui. Anapewa. Na kwetu mtu aliyepewa hachagui; akilalamika ataambiwa hana shukrani.

Kwa hiyo nembo inaweza kushinda tuzo, ikaleta fedha, kila mtu akapongezwa, na bado ikamuumiza mtu yule yule ambaye imetengenezwa kwa jina lake. Na hakuna atakayejua, kwa sababu bibi wa Kimali haandiki barua pepe.

DURBAN WALISHASEMA

Cha kusikitisha ni kwamba jambo hili lilishasemwa, tena na mtoto. Kabla ya Kombe la Dunia la 2010 kule Afrika Kusini, watoto waliokuwa wakiishi barabarani Durban walikuwa wakizolewa na kuondolewa mjini ili jiji lionekane safi. Mtoto mmoja wa miaka 14 wa Durban alieleza jambo rahisi sana: watu wakituona barabarani wanasema hawa ni watoto wa mitaani, lakini wakituona tunacheza mpira wanasema hapana, hawa ni watu kama sisi.

Rudia kuisoma hiyo sentensi. Yule mtoto hakusema mpira unampa chakula au kitanda. Alisema mpira unabadilisha jicho la anayemwangalia.

Machi 2010, hapo hapo Durban, yakafanyika mashindano ya kwanza ya Kombe la Dunia la Watoto wa Mitaani. Tanzania tulikuwepo. Tukafika fainali, tukafungwa na India bao 1-0. Aprili 2014 mashindano yakahamia Rio de Janeiro, Brazil, na safari hii vijana waliotokea kituo cha Mwanza, TSC, wakalichukua kombe kwa kuifunga Burundi 3-1. Mnasikia jamani? Fainali ya dunia, Tanzania na Burundi, majirani wawili, kwenye ardhi ya Pelé. Mwaka 2018 kule Moscow wasichana wetu nao wakafika fainali, wakafungwa na Brazil. Taifa Stars yetu tunayoililia kila siku haijawahi kusogelea hata robo ya mafanikio hayo.

Sasa angalieni kilichofanyika kwenye kampeni ya ile Rio 2014. Kaulimbiu yao kwa Kiswahili ni kama "Mimi ni mtu", yaani nami ni mtu miongoni mwa watu. Kwangu mimi hiyo ni kazi nzuri ya mwonekano kuliko nembo nyingi nilizoziona. Kwa sababu anayesema ni mtoto mwenyewe. Haombi na hamlizi mtu. Mvae mtoto maneno hayo mgongoni, mrudishe Kimali, na bibi hatakuwa na sababu ya kuigeuza jezi.

JINA LA MASHINDANO, JINA LA JEZI

Najua kuna mdau atasema: mbona mashindano yenyewe yanaitwa ya watoto wa mitaani? Swali zuri. Twende taratibu.

Kuna ndugu yake mkubwa, Kombe la Dunia la Watu Wasio na Makazi. Wazo lilizaliwa mwaka 2001 Cape Town, kwenye mkutano wa magazeti yanayouzwa na watu wasio na makazi. Mel Young wa Scotland na Harald Schmied wa Austria walikaa wakazungumza, na mwaka 2003 mashindano ya kwanza yakachezwa Graz, Austria. Kila timu ina wachezaji wanne uwanjani akiwemo kipa, na kila kipindi ni dakika 7 tu. Kenya wamo, Uganda wamo. Mwaka 2011 kule Paris, wasichana wa Kenya ndio waliobeba kombe la wanawake.

Jina la mashindano linasema wazi: hawa hawana makazi. Lakini mchezaji mwenyewe kavaa nini? Kavaa jezi ya nchi yake. Kenya. Uganda. Scotland. Akipiga picha na kuituma kwao, kijiji kinaona mtu aliyeiwakilisha nchi. Hali yake imeandikwa kwenye mlango wa uwanja, haikuandikwa mgongoni kwake. Halafu kuna sheria moja nzuri sana: mchezaji anaruhusiwa kushiriki mara moja tu maishani. Yaani waandaaji wenyewe wanasema kukosa nyumba ni kipindi unachopita, siyo kabila ulilozaliwa nalo. Huwezi kuwa bingwa wa kudumu wa kutokuwa na makazi.

Hao watu wa magazeti nao wana somo. Gazeti la The Big Issue lilianza London mwaka 1991. Muuzaji, ambaye hana makazi au yuko hatarini kukosa, analinunua kwa karibu nusu ya bei na kuliuza kwa bei kamili, faida yake. Anavaa kizibao chekundu na kitambulisho. Kile kizibao hakisemi "nisaidie". Kinasema huyu ni muuzaji, yuko kazini. Ukimpa pesa bila kuchukua gazeti, umemrudisha kwenye kuomba.

Na hapa jirani Kenya kuna mfano ninaoupenda zaidi. Mwaka 1987 kilianzishwa Mathare chama cha michezo cha vijana, MYSA. Mathare kila mtu Nairobi anaijua: vibanda, mitaro ya maji machafu, shida. Lakini jina lilichukua vitu vitatu tu: Mathare, vijana, michezo. Neno umaskini halimo. Neno yatima halimo. Na timu zao zikawa zinapata pointi za ligi kwa kusafisha mitaa yao, siyo kwa kufunga mabao peke yake. Mwaka 1994 ikazaliwa Mathare United, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa Ligi Kuu ya Kenya. Ukivaa jezi ya Mathare United leo, umevaa jezi ya bingwa wa zamani. Jina la mtaa uliodharauliwa likapanda kifuani bila kuombewa msamaha.

Hata hapa kwetu Simiyu tumeshafanya hivyo bila kujijua. Chaki za Maswa zilianza na kikundi cha vijana. Je, boksi liliandikwa "chaki za vijana wasio na ajira"? Hapana. Liliandikwa Maswa. Mwalimu ananunua chaki kwa sababu inaandika ubaoni, na vijana wanapata heshima ya kuwa watengenezaji chaki. Maziwa ya Meatu hivyo hivyo. Tulijua kwenye chaki, kwa nini tusahau kwenye watoto?

LAKINI PESA ITATOKA WAPI?

Sasa nije kwenye hoja ya upande wa pili, maana siyo ya kupuuza. Nimewahi kuongea na mtu anayefanya kazi hizi na akaniambia bila kupindisha: "Ndugu yangu, nikiandika klabu ya mpira ya vijana, sipati hata senti. Nikiandika watoto wa mitaani, barua inajibiwa." Ni kweli. Mfadhili ana barua mia mezani. Anataka kujua haraka hawa ni nani na shida yao ni nini. Na wengine watasema kuficha jina la shida ni kuificha shida yenyewe, na serikali itapumzika.

Nakubali yote mawili. Ndiyo maana sisemi shirika lidanganye. Ninachosema ni kwamba kuna karatasi na kuna mwili wa mtoto, na hivi ni vitu viwili. Kwenye andiko la kuomba fedha, kwenye ripoti, kwenye kikao cha halmashauri, sema ukweli wote: watoto wangapi wanalala nje, kwa nini, wanapigwa na nani, wanakula nini. Sema kwa takwimu na kwa ukali. Lakini kitu kinachovaliwa na mtoto, kinachomfuata shuleni, sokoni na kijijini, hicho kiwe cha kwake. Kiandikwe jina la timu, mji, namba, hata jina la mdhamini. Mdhamini akitaka kuonekana, aonekane kama anavyoonekana kwenye jezi za Ligi Kuu. Hakuna mchezaji wa Yanga aliyeandikwa mgongoni alilala na njaa mara ngapi.

Mnaona hata maneno yenyewe yalivyobadilika? Zamani tulisema chokoraa bila haya. Tukahamia watoto wa mitaani. Sasa wataalamu wanasema watoto wanaoishi na kufanya kazi mitaani, ndefu kama treni ya Kigoma, lakini ina maana yake: mtaa ni mahali alipo, siyo kitu alichozaliwa nacho. Watu husema mtaa hauzai. Basi kama mtaa hauzai, kwa nini nembo impe mtaa kama ubini?

Mwanza wapo wengine walioliona hili mapema. Kuna shirika la kusaidia watoto hawa linaitwa Cheka Sana. Jina tu. Ukilisikia hujui kama ni la watoto, la wachekeshaji au la duka la pipi. Lakini mtoto akiulizwa "uko wapi siku hizi?" na akajibu "niko Cheka Sana," hajajidhalilisha. Hiyo nayo ni kazi ya mwonekano, na haikuhitaji kompyuta.

SHERIA INASEMAJE

Watu wetu wengi wanadhani haya ni mambo ya hisia. Siyo hisia peke yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika jambo lolote linalomhusu. Inampa haki ya jina. Inampa pia haki ya kutoa maoni na kusikilizwa kwenye maamuzi yanayogusa maisha yake. Sasa jezi atakayoivaa mbele za watu mwaka mzima siyo jambo linalomgusa? Nani alimuuliza?

Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sheria hii inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti, siyo za kuchezea. Kwa hiyo ile tabia ya kuweka picha ya mtoto akiwa mchafu, macho yametoka, pembeni jina lake la kwanza na kisa cha baba yake mlevi, tuiangalie upya. Picha ya mtandaoni haifi. Mtoto wa miaka 12 leo, kesho kutwa ni kijana wa miaka 25 anatafuta kazi au mchumba. Mwajiri anatafuta jina lake kwenye simu, na kinachojitokeza ni ile picha ya jalalani. Aliyepiga picha ameshahama kazi zamani.

Mbunifu mwenye akili anaweza kulimaliza hili kirahisi: apige picha wakiwa mazoezini, wanaruka, wanabishana na refa, wanafunga kamba za viatu. Watoto wakicheza mpira wanapendeza bila msaada wa mtu. Ni watu wazima tu wanaotaka picha za huzuni.

KABLA HUJALIPA AU HUJAPOKEA CHA BURE

Niwape wenye vituo mambo machache ya vitendo, kwa sababu kulalamika bila dawa ni kelele.

Moja, nembo ikae vizuri kwa rangi moja. Studio ya mbali itakutumia kitu chenye rangi saba na vivuli, kinang'aa kwenye simu kama ua. Nenda nacho kwa fundi wa kuchapa fulana Mwanza au Bariadi: kila rangi ni gharama yake. Halafu barua yako itatolewa kopi nyeusi na nyeupe, na nembo itageuka doa. Na nchi hii bila mhuri hujafika popote. Nembo isiyoingia kwenye mhuri bado haijaisha.

Mbili, dai mafaili halisi ya kazi yenyewe, na uandikiane kwa maandishi kwamba kazi ni yako. Bila hivyo, siku unataka kubadilisha namba ya simu kwenye bango itabidi umtafute mtu aliyeko ng'ambo ambaye hajibu tena.

Tatu, linda jina. Kama shirika limesajiliwa kwa msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali, na klabu imesajiliwa kwenye mamlaka za michezo, fikiria pia kuisajili alama yako BRELA. Nembo nzuri ni mali, na mali ina wezi. Mjanja akichapa fulana zenye nembo yako na kupita madukani na daftari la michango, atakayechafuka ni wewe na watoto wako.

Nne, tafuta mbunifu wa hapa hapa. Sisemi wageni hawajui, wanajua sana. Lakini nimechoka na nembo zenye mti wa mgunga, jua linazama, ramani ya Afrika na kiganja cha mtoto, vyote kwenye duara moja. Kijana wa Mwanza anayechora mabango anajua kwamba mji ule ni wa mawe, kwamba Pamba imerudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25 na watu waliilia kwa furaha, na kwamba rangi fulani ukizivaa upande fulani wa mji unaanza ugomvi. Hayo studio ya mbali haitayajua.

Na tano, ambayo ndiyo yangu kubwa: kabla ya kuchapa, mpe mtoto jezi ya mfano. Mwambie aivae siku nzima. Aende nayo sokoni, shuleni, kwa ndugu zake kama anao. Jioni muulize mambo mawili: ulitamani kuivua? Na je, utaitaka ukiwa na miaka 20? Akisita, rudi mezani.

KWA NINI SASA

Mtaniuliza kwa nini haya leo. Ni kwa sababu Septemba 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kuandaa AFCON ya 2027 kwa pamoja. Wageni watakuja, kamera zitakuja, na majiji yataanza kufagiwa. Durban walifagia watoto pamoja na takataka. Sisi tutafanyaje? Naomba Mungu nisiwe mtabiri, lakini nawajua watu wetu wakiambiwa mgeni anakuja.

Wakati huo huo pesa za michezo na hisani zitaongezeka, na kila mtu atataka mradi wa mpira na watoto. Mabango yatachapwa, jezi zitashonwa. Ndiyo maana swali la nembo siyo dogo. Nchi yetu ina kombe la dunia la watoto hawa tangu 2014 na wengi wetu tumelisahau. Tukumbuke walichoshinda kabla ya kukumbuka walikolala.

Nimalizie na kijana wetu. Yuko bado, anasoma, anacheza winga ya kulia. Msimu uliopita timu ya kijiji ilichanga ikanunua jezi, za bei rahisi, kitambaa kinachochubua shingo, zimeandikwa KIMALI kwa herufi ambazo hata hazijanyooka. Ile ya kitaalamu, bibi amefungia nayo mbegu za mahindi. Hii ya kuchubua kijana anaivaa mpaka kanisani, tena upande wake wa nje.

Naomba kuwasilisha. Wenye vituo, wabunifu na wafadhili, karibuni tujadili bila matusi.